Waungwana wa Pangani

Mama Kulthumu alikuwa amekasirika kabla hata hatujatoka Gitega. Nilimkuta mtaani kwake Magarama, barazani mwa duka lake la ushonaji, amekalia sanduku lake la safari, buibui limeshafungwa vizuri, akaniambia bila salamu ndefu kwamba anakwenda kwa ajili ya Layla tu. Ingekuwa kwa ajili ya Husni, asingeinua mguu.

Mimi naitwa Faridi. Nakaa mtaa wa Musinzira, mji huo huo, naendesha gari la kukodi, Noah ya zamani ambayo bado inavumilia milima yetu, na tangu utoto wangu kanzu zangu za Idi anashona yeye. Husni ni mdogo wake, muuza saruji na mabati mjini Muyinga, mtu wa sauti kubwa na karamu kubwa. Ndiye aliyenikodi. Alitaka nimpeleke yeye, dada yake na binti yake Layla hadi pwani ya Tanzania kwa barabara, tuione Bagamoyo, tuione Saadani, tumalizie Pangani, mji ambao ukoo wao wote unajivunia kwamba ndiko ulikotoka.

Usidhani yalikuwa matembezi. Layla ni muuguzi Muyinga, na alikuwa ameposwa na mwalimu mmoja anayeitwa Zakaria. Huyu Zakaria ni Mwislamu, anaswali, ana kazi yake. Wazazi wake walikimbilia Tanzania wakati wa vita, akazaliwa na kukua huko, kisha familia ikarudi kulima kilimani, nje kidogo ya mji. Husni aliikataa posa. Alisema hao ni watu wa majembe, na binti wa waungwana wa Pangani haolewi kilimani. Cha ajabu ni kwamba Zakaria ana Kiswahili kilichonyooka kuliko cha mtu yeyote nyumbani kwa Husni, lakini hilo halikuhesabika. Layla alisema hataki mwingine. Ndipo Husni akaona dawa ni kumpeleka binti pwani, akaone kwa macho yake nyumba ya babu zake na makaburi yao, apate kujua yeye ni nani.

Tulipopita Karuzi, Mama Kulthumu, aliyekuwa amekaa mbele pembeni yangu, alianza kusimulia. Hakuwa ananitazama. Alikuwa anatazama migomba.

Alisema kwamba alipokuwa msichana, mwanzoni mwa miaka ya themanini, kulikuwa na kijana anaitwa Juma, mtu wa Mutaho. Baba yake Juma alisilimu akiwa fundi wa kuezeka mjini Gitega, halafu akarudi kulima. Juma alikuwa analeta maharage mjini kwa baiskeli, na jioni anakaa chuoni kusoma Kurani pamoja na kaka zake Kulthumu. Walizoeana kwa salamu, kisha kwa maneno mawili matatu, na mwisho Juma akaleta wazee wake. Walikuja wamevaa vizuri, viatu vimepigwa rangi, vumbi la njia wamelipangusa nje ya mlango. Kulthumu alikuwa nyuma ya pazia.

Baba yake, Mzee Bakari, aliyekuwa na duka la vitambaa, aliwaacha wamalize kusema. Kisha akawaambia kwamba wamepotea nyumba. Akawaeleza kwamba baba yake yeye, Mabruki bin Athumani, alikuja Gitega pamoja na Wajerumani, mtoto wa nyumba ya mawe ya Pangani, nyumba yenye shamba la miwa na watumishi. Akawauliza wao ni bin nani. Yule fundi wa Mutaho akataja jina la baba yake, jina la Kirundi, na watu ndani ya ile sebule wakacheka. Wazee wakaondoka kahawa ikiwa bado vikombeni.

"Walicheka," Mama Kulthumu aliniambia. "Mtu ametaja baba yake, na watu wanacheka. Mi nilisikia ile kicheko nikiwa na miaka kumi na minane, na leo niko naisikia."

Baadaye walimwoza kwa mfanyabiashara mwenye asili ya Ujiji, mtu asiye mkorofi na asiye na la kusema. Walizaa watoto wawili, akafiwa, akaendelea na cherehani.

Lililomchoma zaidi ni kwamba ule uungwana wa Pangani ulikuwa unaishia mlangoni. Nje, shuleni, wenzake walimwita umuswahili, na katika Kirundi neno hilo si kabila tu, maana yake pia ni mtu wa hila, mwongo. Mwalimu mmoja alimuuliza mbele ya darasa kwao watarudi lini. Alipolalamika nyumbani, Mzee Bakari alimwambia asijali, kwao kupo, Pangani kuna nyumba. Basi akakua hivyo: barabarani ni mgeni, nyumbani ni bora kuliko wenyeji. Na kati ya mambo hayo mawili hakuna hata moja alilolichagua.

Muyinga tuliwachukua Husni na Layla. Husni alivaa kanzu mpya na kofia iliyodariziwa kwa wingi, akaketi nyuma akiwa tayari kwa picha. Layla alisalimia, akaweka vidude vyake vya muziki masikioni. Mpakani Kobero tukapigiwa mihuri, nikahamia upande wa kushoto wa barabara, na siku zilizofuata zikawa Nyakanazi, Kahama, Singida, Dodoma, kulala nyumba za wageni, kula chipsi na mayai vituoni. Husni alisimulia Pangani njia nzima. Hakuwahi kufika, lakini alikuwa anasimulia kama mtu aliyeondoka juzi.

Bagamoyo tulifika mchana wa jua kali. Ni mji mzuri wa kutembea kwa miguu, wenye nyumba za zamani ambazo nusu zimesimama na nusu zimechoka, na njia nyembamba zinazoshuka baharini. Mama Kulthumu alitaka kununua kanga, akamuuliza muuzaji kwa Kiswahili chetu kama iko na nyingine ya rangi ya kahawia. Yule dada akamwangalia kwa huruma akamuuliza, "Nyie Wakongo?" Mama Kulthumu akajibu hapana, Warundi, Waswahili wa Burundi. Dada akacheka, akasema basi ndiyo maana. Kanga aliirudisha mezani na hakuinunua. Aliniambia tukiwa njiani kwamba miaka sitini huko kwao ameitwa Mswahili kama tusi, na leo amefika kwa Waswahili wanamwambia hajui kusema.

Hilo lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa uani mwa nyumba moja ya mtu binafsi, karibu na njia ya ufukweni. Mwenyewe alikuwa ametundika ubao kwamba hapo utaona mambo ya misafara. Ndani kulikuwa na minyororo yenye pete za shingo. Kwa macho yangu ilikuwa imechomelewa karakana si zamani, kisha ikaachwa ipate kutu. Mtu wa pale alikuwa anawavisha wageni wapigwe picha. Wengine walikuwa wanacheka, wengine walikuwa wanafanya uso wa huzuni kisha wanaomba picha irudiwe.

Husni alifurahi. Yeye hakutaka kuvishwa. Alimwomba yule mtu wa pale ajivishe pete shingoni, apige magoti, na yeye Husni akashika ncha ya mnyororo, akaweka mkono kiunoni, kidevu juu. Akampa Layla simu apige. Layla alikataa. Akanipa mimi, na mimi, naona aibu kusema, nilipiga. Ni mteja. Picha ile akaituma pale pale kwenye kundi la simu la ukoo, na maneno chini yake: Hapa ndipo babu zetu walipofanyia biashara.

Mama Kulthumu alimwambia yule mtu wa uani atoe kile kitu shingoni mwake na ainuke. Alimwambia kwa sauti ya chini, lakini yule mtu aliinuka. Kisha akamgeukia mdogo wake.

"Husni, hawa walikuwa watu."

Husni akasema ni historia, Dada, isikupandishe presha. Akasema hata hivyo babu hakuwa mkatili, watu wa Pangani walijulikana kwa upole.

Asubuhi tulishika njia ya Saadani. Husni hakutaka kushuka sana pale, alisema hakuna kitu. Mama Kulthumu alishuka. Alizunguka mabaki ya boma, akatazama kamba waliotandazwa wakauke juani, akamuuliza mama mmoja misafara ya bara ilikuwa inafikia wapi. Mama yule akaonyesha mkono upande wa pori, akasema huko, kila mahali. Mama Kulthumu alisimama akitazama lile pori muda mrefu kuliko lilivyostahili.

Pangani ukitokea kusini unaikuta ng'ambo ya mto. Unasimama kijiji cha Bweni, unasubiri pantoni, na mji unakutazama kutoka upande wa pili: msururu wa nyumba za kale kando ya maji, minazi nyuma yake, na mto mpana wa rangi ya chai. Lazima nikiri kwamba hata mimi moyo ulinienda mbio. Husni alikuwa analia. Alimshika Layla bega akamwambia, "Mwanangu, ndiyo pale." Layla hakuutoa mkono wa baba yake.

Nyumba hatukuitafuta sana. Msikitini baada ya adhuhuri Husni aliuliza ukoo wa Athumani mwenye miwa, na mzee mmoja akasema aliyebaki ni Bi Swabra, mwalimu mstaafu, akatuelekeza. Ilikuwa kweli nyumba ya mawe. Ubavu mmoja umeanguka na kuzibwa kwa mabati, chokaa imebanduka, lakini mlango ulikuwa wa nakshi na ulikuwa wazi. Ndani, juu ya mkeka, mwanamke wa miaka sabini na kitu alikuwa anafunga kashata kwenye vifuko vya kupeleka madukani. Alituitikia hodi bila kusimamisha mikono.

Tulimwamkia, akatukaribisha. Husni akasimama katikati ya chumba kama mtu wa kutoa hotuba, akasema kwamba wametoka Burundi, ukoo umerudi, wao ni wajukuu wa Mabruki bin Athumani.

Bi Swabra aliacha kashata. "Mabruki?" akasema. "Mabruki aliyerudi Urundi?"

Alipiga makofi kwa furaha. Alimshika Mama Kulthumu mikono yote miwili akamketisha kwenye mkeka, akawaita majirani waje waone. Ilikuwa furaha ya kweli, siwezi kumsingizia. Alisema baba yake mzazi alikuwa hachoki kumsimulia Mabruki, maana ndiye aliyekuwa akimbeba mgongoni mpaka mtoni alipokuwa mdogo, ndiye aliyemfundisha kuogelea. Husni alikuwa anatabasamu na kutikisa kichwa. Hakuwa amelisikia lile neno, aliyerudi. Mama Kulthumu alikuwa amelisikia.

"Alirudi Urundi," akauliza taratibu. "Si alikwenda?"

Bi Swabra akasema alirudi, ndiyo. Si ndiko kwao. Akaeleza kama mtu anayesimulia jambo linalojulikana na wote. Babu yake, Athumani, alimpata Mabruki Saadani akiwa mtoto wa kama miaka saba, ameletwa na watu wa msafara kutoka bara. Hakuwa anajua Kiswahili hata neno. Alikuwa anasema kwao ni Urundi na anamtaka mama yake. Athumani akamleta hapa, akampa jina la Mabruki, akamtia kazi ya kinu cha miwa. Kinu kilikuwa kinazungushwa na punda, na kazi ya Mabruki ilikuwa kumswaga yule punda, jina lake Dinari, asubuhi hadi jioni. Alipokua akafanywa mtu wa nyumbani. Kisha Wajerumani walipokuwa wanatafuta wapishi na wachukuzi wa kwenda kufungua boma huko Urundi, Mabruki alimwendea Athumani akamwomba ruhusa, akasema anataka kwenda kumtafuta mama yake. Athumani alimruhusu. Miaka michache baadaye mfanyabiashara mmoja aliyekuwa ametoka bara alileta salamu: Mabruki kafika salama, anakaa Gitega, mama hakumpata.

Layla ndiye aliyelisema.

"Alikuwa mtumwa."

Bi Swabra alitikisa mkono kama anayefukuza nzi. "Mwanangu, maneno hayo sisi hatukuyatumia kwa Mabruki. Alikuwa mtu wetu. Alilelewa vizuri, alikula chakula tulichokula."

Husni alikuwa bado amesimama. Alisema kwa sauti ya kukwaruza kwamba yapo makosa, kwamba walikuwapo akina Mabruki wawili. Babu yao ni bin Athumani. Bi Swabra akamjibu kwa upole, kama mwalimu anavyomjibu mwanafunzi asiyeelewa, kwamba waliolelewa nyumbani waliitwa kwa jina la bwana wao, angeitwa bin nani mwingine?

Nilimtazama Mama Kulthumu. Nilidhani atalia. Hakulia. Uso wake ulikuwa umekaza kama siku ile ya Bagamoyo.

"Kabla ya kuitwa Mabruki," akauliza, "alikuwa anaitwa nani?"

Bi Swabra alifikiri kwa nia njema kabisa. Akasema hilo hajawahi kulisikia.

"Punda mnalijua jina lake," Mama Kulthumu akasema.

Majirani waliokuwa mlangoni wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Bi Swabra akasema yeye alizaliwa miaka mingi baadaye, hajamnunua mtu. Mama Kulthumu akasema ni kweli, na hakuja kugombana naye. Bi Swabra akatutilia kashata kwenye mfuko mkubwa, akatuambia tusikasirike, nyumba ni yetu, sisi ni watu wao.

"Hapana, Bibi," Mama Kulthumu akasema akiwa anainuka. "Hakuwa mtu wenu. Alikuwa mtoto wa mtu."

Hatukulala Pangani. Tuliondoka kwa njia ya Muheza, na gari lilikuwa zito kama limepakia mawe. Husni aliitoa simu yake. Niliona kwenye kioo akihangaika kuifuta ile picha ya Bagamoyo, lakini ukoo mzima ulikuwa umeshaiona na kuipongeza. Tulipofika Korogwe ndipo aliposema. Alisema yule mwanamke ni mzee, kichwa chake kimechanganya mambo. Alisema tutakaporudi tutasema tuliikuta nyumba, tulipokewa vizuri, basi. Ni kweli tuliikuta, ni kweli tulipokewa. Akasema hili likijulikana Muyinga, nani atatuheshimu? Alituomba sote, hata mimi.

Layla alimuuliza kama Zakaria bado hafai.

Husni akasema hilo ni jambo jingine.

Ndipo Mama Kulthumu alipogeuka kwenye kiti. Mimi nimemjua mwanamke huyo maisha yangu yote na sijawahi kusikia sauti ile. Alimwambia kwamba babu yao alitoka pwani akitembea kwa miguu hadi Burundi kumtafuta mama yake, mwanamke wa jembe, wa kilimani. Na mtoto wa mtu huyo huyo alikaa sebuleni Gitega akawacheka watu wa jembe. "We iko unaona haya kwa babu," akamwambia. "Mi niko naona haya kwa baba. Na kwako." Akamuuliza kama alijua. Husni akasema kwamba baba yao, siku za mwisho, aliwahi kusema babu alikuwa anajua Kirundi tangu siku ya kwanza aliyofika na hakuna aliyejua amekijifunza wapi, halafu akamkataza asilirudie.

Kwa hiyo Mzee Bakari alijua, au alikuwa anajua kiasi cha kutosha kuogopa. Aliposikia wazee wa Mutaho wakicheka... hapana, nimekosea: hawakucheka wao. Walichekwa. Hata mimi bado naichanganya, kwa hasira.

Muyinga walikuwa wanatusubiri. Husni alikuwa amewaahidi ukoo kabla ya safari kwamba akirudi kutakuwa na chakula na kisomo cha kuwarehemu wazee, na watu walikuwa wamejaa uani, wa Gitega wamekuja, wa Bujumbura wamekuja, pilau linapikwa. Hakuweza kuahirisha. Baada ya kula walimwomba asimulie. Alianza na mto, pantoni, mlango wa nakshi. Alikuwa msimuliaji mzuri na watu walikuwa wanaitikia. Alipofika kwa Bi Swabra akapiga makofi kama alivyopiga yeye. Akasema ametukumbatia, ametuita watu wao, nyumba ni yetu. Watu wakamshukuru Mungu. Mtu mmoja akatania kwamba sasa wale wa kilimani wataacha kuleta posa.

Watu walicheka, na Mama Kulthumu akasimama.

Hakusema mengi. Alisema alichosikia, kwa mpangilio, kuanzia mtoto wa miaka saba aliyeletwa Saadani hadi mama ambaye hakupatikana. Alipofika kwenye jina la Athumani alisema wazi kwamba lilikuwa jina la aliyemnunua, na wao wamelivaa vizazi vitatu na kuwapigia nalo watu wengine. Wazee kadhaa walimwambia akae chini. Hakukaa. Mmoja akamuuliza amefaidika nini kumvua nguo marehemu mbele ya watu.

"Marehemu hakufanya aibu yoyote," akasema. "Aliibwa. Aibu ni ya kwetu, tuliowakataa watu wake. Mi niliambiwa Juma wa Mutaho si mtu wa kunioa. Babu yangu angekuwa hai, yeye ndiye angekuja kumposea Juma."

Watu wengine waliondoka bila kuaga. Wapo ambao mpaka leo hawampigii simu, na wapo wanaosema ni uongo alioutunga kwa ajili ya Layla. Mke wa Husni alimwambia uso kwa uso kwamba ameivunja nyumba ya mdogo wake. Nilimrudisha Gitega kesho yake. Njia ya kurudi alikuwa anasema peke yake, maneno aliyopaswa kumwambia baba yake angali hai. Watu wanamshauri amsamehe, amekwisha kufa. Yeye hujibu kwamba baba yake alikuwa na miaka mingi ya kuishi baada ya ile kahawa, na hakuna siku aliyomwita kumwambia, mwanangu, nilikosea.

Nilimuuliza kama nimpeleke Mutaho. Najua Juma yuko, anauza vipuri vya baiskeli, ana wajukuu. Alinikatalia kwa ukali, akauliza akamwambie nini huyo mtu, mbele ya mkewe. Sikurudia.

Kuhusu Layla, Zakaria na wazazi wake walikwenda kwa shekhe. Shekhe akamwita Husni akamuuliza ana sababu gani ya kidini ya kumkatalia binti. Husni hakuwa nayo. Akaozesha. Siku ya ndoa alivaa kanzu ile ile ya safari, akatamka maneno aliyotakiwa kuyatamka, akala kidogo, akaondoka mapema. Wazazi wa Zakaria walileta mtama, maharage na mbuzi wawili kutoka kilimani, na Mama Kulthumu ndiye aliyewapokea getini, akawakalisha mbele. Alimuuliza baba yake Zakaria majina ya wazee wake, mmoja mmoja, mbele ya watu wote, na mzee yule akayataja yote kwa Kirundi. Hakuna aliyecheka. Sijui kama ni kwa heshima au ni kwa kumwogopa yeye.

Kwa zaidi ya mwaka ndugu hao wawili hawakusemeshana. Kisha mwezi uliopita nilikuwa pale Magarama, nasubiri suruali ipunguzwe, Husni akaingia. Alikuwa amekonda. Alisalimia, akavuta kiti, akasema anataka kanzu. Mama Kulthumu alichukua futi akaanza kumpima mabega. Alipofika kwenye mkono, Husni akamuuliza, akiwa anatazama ukuta:

"Dada. Yule mama yake babu. Unadhani alikuwa wa kilima gani?"

Mama Kulthumu aliandika kipimo kwa chaki juu ya meza. "Mi nitajua wapi?" akasema. "Pengine wajukuu zake walikuja kututafuta. Pengine walifika mlangoni na maharage, tukanunua maharage yao tu."

Alikuwa bado amekasirika, ilisikika. Alimwambia ainue mkono mwingine. Husni akauinua, na akabaki hivyo mpaka dada yake alipomaliza kumpima.